Kafetiyeri Iliyotumwa Musinzira

Kisanduku kilinifikia Jumatano mchana, nikiwa nimetoka kufundisha vipindi sita mfululizo na sauti imenikauka. Kililetwa na mama mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Ubelgiji kumzika mkwewe. Mdogo wangu wa kiume, anayeishi huko, alimwomba akibebe kwenye begi lake. Mama wa watu akakibeba hadi Bujumbura, kisha akamtafuta mtu wa kukifikisha kwangu Gitega, mtaa wa Musinzira. Alinipigia simu kuniuliza kama kimefika salama, kisha akakata haraka, kama mtu aliyetua mzigo.

Nilikifungua mezani kabla hata ya kuvua viatu. Ndani mlikuwa na kafetiyeri, birika la kupikia kahawa juu ya jiko. Sijawahi kumiliki kitu kizuri kama kile. Lilikuwa la bati zito linalong'aa kama kioo, limebanwa katikati kama kiuno, na mdomo wake mdogo ulikunjwa kwa ustadi hata usione mahali ulipoungwa. Mkono wake ulikuwa mweusi, laini, umepinda ukalingana na kiganja. Kulikuwa na kijitabu chenye picha: maji yanakaa chini, kahawa ya unga inakaa katikati kwenye kikombe chenye matundu, mvuke unasukuma maji yapande, na kahawa inatokea juu. Jina la mbunifu wake lilichapwa mwanzoni kabisa, na picha yake akiwa amekunja mikono. Sikujua kwamba birika nalo linaweza kuwa na mwenyewe, kama kitabu.

Juu ya kijitabu mdogo wangu alikuwa ameandika kwa kalamu: "Dada, hii ni kwa jiko lako la nyumbani. Ujipe raha kidogo asubuhi."

Niliisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikaenda kulitazama hilo jiko langu la nyumbani. Ni chumba cha mabati nyuma ya nyumba. Kina mbabula moja ya makaa, sufuria nne, ndoo tatu za maji kwa sababu bomba linatoka siku linapotaka, na jiko la umeme la sahani mbili ambalo sahani moja ilikufa zamani. Mdogo wangu aliwahi kuona picha ya sebule yangu yenye vigae, akajijengea nyumba iliyobaki kichwani mwake. Simlaumu. Na mimi nilikuwa nimejijengea yake.

Asubuhi zangu hazikuwa na nafasi ya raha. Nafundisha Kiswahili kwenye shule ya sekondari, darasa la watoto wanaokaa wanne wanne kwenye dawati la wawili. Mume wangu alishafariki, na wanangu wawili wanasoma bweni. Na mwaka ule Baba alikuwa amepigwa na kiharusi huko Giteranyi, mkoani Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala. Shangazi yangu, mdogo wake, ndiye aliyekuwa anakaa naye, lakini naye ni mzee, hana nguvu ya kumwinua. Kwa hiyo kila Ijumaa ya pili nilikuwa naondoka Gitega nikitoka darasani moja kwa moja, nikimfuata.

Aliyewahi kusafiri nchini kwetu miaka hii ya uhaba wa mafuta anajua ninachosema. Unafika kituoni, magari yapo, yamepangwa vizuri, na hayana kitu tangini. Unakaa juu ya begi lako. Unaambiwa saa nane, halafu saa kumi. Ukifika Muyinga umechoka kuliko aliyetembea, na bado kuna baiskeli ya kukupeleka Giteranyi, na kwenye vilima inabidi ushuke umsaidie mwenye baiskeli kuisukuma. Jumamosi nilimwogesha Baba, nilimgeuza, nilifua shuka zake, nilimlisha, nilimkata kucha. Jumapili nilirudi. Jumatatu saa moja na nusu nilikuwa nimesimama mbele ya ubao, na chaki mkononi.

Jumapili ya kwanza baada ya kisanduku kufika, mdogo wangu alipiga simu ya video.

"Dada, umeionja?"

"Naitumia kila asubuhi," nilimjibu. "Ni nzuri sana."

Nilikuwa bado sijaitia hata tone la maji.

"Nilijua tu," alisema, na uso wake ukafunguka kwa furaha. Nikaona haya. Lakini uongo ukishausema mara moja unakuwa kama mpangaji. Haulipi kitu na hautoki. Jumapili iliyofuata aliuliza tena, nikamwambia hata mwalimu mkuu alionja akasifu.

Nilijaribu kuutengeneza ule uongo uwe kweli. Jumamosi moja niliyobaki Gitega, nilinunua kahawa ya unga, ile ya pakiti wanayonunua wageni, nikajaza maji mpaka kwenye alama, nikabana vizuri, nikaweka juu ya ile sahani moja inayofanya kazi. Umeme ukakatika. Nikasubiri. Haukurudi. Nikaona nisishindwe na umeme, nikawasha mbabula, makaa yakashika, nikaitua kafetiyeri juu yake, nikaingia ndani kusahihisha madaftari wakati inachemka.

Madaftari yalinivuta. Kisha nikasinzia, kichwa kikiwa juu ya insha ya mtoto kuhusu faida za kufuga sungura. Harufu ndiyo iliyoniamsha. Nilipokimbilia nje, ule mkono mweusi ulikuwa umeyeyuka na kuning'inia kama ulimi, mvuke unatoka pembeni unapiga mluzi, na maji yote yamekwisha. Niliitoa kwa koleo. Pete ya mpira iliyo katikati, ile inayozuia mvuke usitoke, ilikuwa imeungua na kukatikakatika. Bati lake zuri lilikuwa limeota doa jeusi mpaka kiunoni.

Sikulia. Nilikaa kwenye kigoda pale jikoni na kuitazama. Nilikuwa mtu mzima, nimesoma, nimezika mume, na nilikuwa naogopa kumwambia mdogo wangu kwamba nimeunguza birika.

Jumapili ile aliponipigia aliniomba jambo ambalo hakuwahi kuliomba. "Dada, wiki ijayo ukienda kwa Baba, nenda nayo. Nataka nimwone Baba anakunywa kahawa yake mwenyewe. Kahawa ya miti yake. Nitapiga video Jumamosi saa saba."

"Sawa," nikasema.

Basi nikaibeba, imefungwa kwenye kitenge. Ijumaa hiyo gari lilipatikana mapema, nikafika Muyinga mjini jua bado lipo. Niliulizia fundi wa vyombo, wakanielekeza kwa mzee mmoja Mwislamu, jirani na msikiti, anayeziba sufuria na kutengeneza taa za mafuta na ndoo. Nilimkuta amekaa barazani na kofia yake, amebana kwa kisigino bakuli analolipiga nyundo.

"Shikamoo mzee."

Alicheka kabla ya kuitika. "Marahaba. We uko mtu ya Tanzania?"

"Nilikulia kule, kambi ya wakimbizi. Kwetu ni Giteranyi."

"Nilijua. Wa hapa awaamkiaka ivyo." Akapokea kitenge, akakifungua, akaigeuza kafetiyeri kwenye mwanga. Alichukua muda. "Iyi iko kitu gani?"

"Kafetiyeri. Inapika kahawa. Maji yanakaa chini, yanapanda juu."

"Yanapanda? Yenyewe?"

"Mvuke unayasukuma."

Akaifungua sehemu zake zote tatu, akazipanga kwenye mkeka, akachungulia kila tundu. Alipopuliza kwenye bomba la katikati na kusikia hewa inatokea upande wa pili, alitikisa kichwa. "Mwenye alitengeneza iyi iko na akili mingi. Ila akuwaza mtu mwenye kupikia ku makaa."

Ndiyo maneno ya kwanza ya haki niliyoyasikia kuhusu ile kafetiyeri. Nikajikuta nacheka, na nikagundua ni siku nyingi sijacheka.

Alinitengenezea mkono wa mti wa mpera, mgumu, akautoboa kwa msumari wa moto na kuufunga kwa skrubu mbili. "Mti aiyeyuke," alisema. Pete ya mpira aliikata kwa kisu kutoka kwenye mpira wa kokoti, sufuria ile inayofungwa ikapika kwa mvuke. Aliipima mara tatu, akaichonga, akaipachika. Doa jeusi alilisugua kwa majivu na limau likapungua, halikutoka. Uzuri wake wa dukani ulikuwa umekwisha. Ilionekana sasa kama chombo cha mtu.

Nilifika Giteranyi giza linaingia. Kesho yake asubuhi, baada ya kumwogesha Baba na kumkalisha kwenye kiti chake uani, nikamweleza shangazi nilichotumwa. Baba alikuwa na miti ya kahawa tangu tuliporudi kutoka Tanzania; aliipanda yeye mwenyewe, aliipogoa, alituvunjia migongo sote kwa kuivuna. Kila msimu yale matunda mekundu yalibebwa kwa baiskeli hadi kwenye kiwanda cha kuoshea, na habari yake ikaishia hapo. Nyumbani kwetu tulikunywa chai ya majani na uji. Hatukuwa tumekatazwa. Ila kahawa ilikuwa kitu cha kuuza, kama vile mtu asivyokula matofali anayofyatua.

Shangazi alikuwa na kikapu kidogo cha buni zilizochelewa kuiva, alizozimenya na kuzikausha mwenyewe kwenye jamvi bila kujua za nini. Tulizitwanga kwenye kinu ganda likatoka, tukapepeta, tukazikaanga kwenye kipande cha chungu. Shangazi aligeuza kwa mwiko, mimi nikapepea moto. Moshi wake ulipoanza kubadilika, kutoka harufu ya nyasi mbichi kwenda harufu ya mkate, Baba aliinua kichwa.

"Mnaunguza nini?" aliuliza. Maneno yake yalikuwa yanatoka taratibu, yanaburuza upande mmoja.

"Kahawa yako, Baba."

"Kwani imefanya nini?"

Shangazi alicheka hadi akakaa chini.

Tulizisaga juu ya jiwe. Nikaijaza kafetiyeri, safari hii nikachota makaa machache tu, na nikakaa hapo hapo sikuondoka. Kwa muda haikusema kitu. Kisha ikaanza kukoroma chini, na kahawa ikachomoza juu, nyeusi, nyembamba kama uzi, halafu povu lake la kahawia. Mpira wa kokoti ulishika. Mvuke haukutoka pembeni. Shangazi alisogea akachungulia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Iko inatapika."

Nilimshikia Baba kikombe. Aliivuta kidogo, akaikalisha mdomoni, uso haukuonyesha kitu. Kisha akameza.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, Baba."

"Miaka yote ile?"

"Miaka yote ile."

Akatazama miti yake chini ya mteremko. "Chungu," akasema. "Tia sukari." Nikatia. Akanywa yote, mimi nikimfuta kidevu, na akaomba tena. Kikombe cha pili alikishika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kahawa ikimdondokea shatini, na hakutaka nimsaidie. Alipomaliza aliniuliza, "Nani kaileta hii mashine?"

"Mwanao, Baba. Wa Ulaya."

Akageuza kichwa polepole kuelekea njia inayoingia uani. "Yuko wapi?"

"Hayupo, Baba. Ameituma tu."

"Aa." Akaendelea kuitazama njia. "Basi hajaileta."

Hakusema kwa hasira. Baba hakuwa tena na nguvu ya hasira. Lakini mimi maneno yale yaliniingia, na nikayabeba tumboni hadi saa saba, simu ilipoita.

Nilipanda mteremko kidogo hadi kwenye migomba ambako mtandao unashika. Uso wa mdogo wangu ukatokea, ukakatika, ukatokea. "Dada! Amekunywa? Nionyeshe!"

"Amekunywa vikombe viwili."

"Anasemaje? Amefurahi?"

Ningeweza kumwambia amefurahi. Isingekuwa uongo. Lakini nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka sana huishiwa na mahali pa kuficha mambo. "Amekuuliza uko wapi," nikasema.

Akageuza uso pembeni.

"Nami nitakwambia mengine. Sikuitumia asubuhi hata moja. Niliiunguza siku ya kwanza. Imetengenezwa na fundi, ina mkono wa mti. Sina asubuhi, mdogo wangu. Namgeuza Baba, nafua mashuka yake, nasafiri siku mbili nafundisha tano. Sikuhitaji birika. Nilihitaji uje."

Picha yake ilikwama, mdomo ukiwa nusu wazi. Sikujua ni mtandao au ni yeye. Kisha simu ikakatika, na haikuita tena.

Hakupiga Jumapili iliyofuata, wala ile nyingine. Nilijilaumu. Nilijiambia mtu akikupa zawadi humtupii usoni. Mama yetu, angekuwa hai, angenikanya. Nilienda Giteranyi, nikarudi, nikafundisha. Kuna siku nilisimama mbele ya darasa nikasahau neno nililokuwa nataka kuandika ubaoni, chaki iko juu, na watoto wakaningoja kimya kwa adabu.

Wiki ya tano alinipigia Jumanne. "Niko Bujumbura," alisema. "Njia ya Muyinga siku hizi inapitia wapi?"

Alikuwa amepata likizo ya wiki tatu. Nilimkuta Giteranyi ile Ijumaa, amenenepa usoni, amekonda mabega, amevaa viatu vyeupe vilivyokwisha kuwa vyekundu kwa udongo. Tuliamkiana kama watu wa kanisani. Shangazi alinieleza kwamba siku ya kwanza Baba alimtazama kwa muda mrefu, akamwambia, "Umechelewa kula," na baada ya hapo hakumwambia kitu kingine hadi jioni.

Hakujua kumwinua Baba. Alimshika kwapani, akamwumiza. Nilimfundisha: goti lako hapa, mkono wake shingoni mwako, usivute, inuka naye. Jumamosi asubuhi alimwogesha peke yake nami nikiwa nimesimama mlangoni. Alipofika miguuni, ile miguu iliyotubeba kutoka Giteranyi hadi Tanzania na kuturudisha, aliacha kuosha, akabaki ameishika ndani ya beseni.

"Nenda ukalale, dada," alisema bila kugeuka.

Nililala kwenye kitanda cha shangazi. Nililala asubuhi ile, mchana ule, nikaamka nikala viazi, nikalala tena. Jumapili nilipofungua macho jua lilikuwa limeshapanda na sikujua niko wapi, Gitega, Giteranyi au kambini. Mwili ulikuwa mzito, haudaiwi na mtu. Sijui kama nimewahi kupewa kitu kikubwa kama usingizi ule.

Kabla sijaondoka tulikaa wawili uani, akapika kahawa. Alikosea: alijaza unga mwingi mno, akabana vibaya, ikavuja. Nikamtazama.

"Wewe si unayo kama hii huko?"

"Sina hata moja," alisema. "Nakunywa ile ya unga, ya kukoroga, nikiwa nimesimama. Nasafisha maofisi kabla watu hawajafika. Kuna duka napita kila siku, wameiweka dirishani, ina taa yake peke yake. Mwaka mzima naitazama. Nikawaza, atakayekuwa na asubuhi ya kukaa chini na kitu kama hiki, nani kati yetu? Nikasema dada. Dada ana nyumba ya vigae."

Nilichukua kitambaa nikafuta kahawa iliyomwagika. Sote wawili tulikuwa tumechoka, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye amepumzika.

Aliondoka wiki tatu zilipokwisha. Kabla ya kwenda alizungumza na jirani mmoja, mwanamke mwenye nguvu ambaye naye alirudi kutoka Tanzania wakati mmoja nasi, akakubali kuja kila asubuhi kumwinua Baba na kumwogesha. Mdogo wangu ndiye anayempa kitu chake. Sasa naenda mara moja kwa mwezi. Kafetiyeri tuliiacha kwa Baba, shangazi ameijua vizuri kuliko sisi. Baba hajapona, na daktari alituambia tusitarajie. Ila ule mkono wa kushoto umepata nguvu, na anakula mwenyewe.

Uchovu haukunitoka. Nadhani ulishakuwa sehemu ya mwili, kama goti linalouma wakati wa mvua. Lakini Jumapili iliyopita, mchana, nilikuwa nimejinyoosha kwenye kochi huku Musinzira, sina daftari mkononi, simu ikaita. Alikuwa Baba, kwa simu ya yule jirani.

"Huko Gitega imenyesha?" aliuliza.

"Imenyesha, Baba. Tangu asubuhi."

"Hapa bado." Nikamsikia anahema, anatafuta neno lake linalofuata. "Unafanya nini?"

"Sifanyi kitu."

"Vizuri," akasema Baba. "Endelea."